Barua ya Malalamiko kwa Mtu Asiyekujua

Barua pepe nyingi zilizoingia kwenye sanduku letu la malalamiko zilianza kwa vitisho. "Mnashirikiana na wezi." "Mwanasheria wangu atawafikia kabla ya Ijumaa." "Futeni huo uchafu leo hii." Ukishuka chini ya maneno hayo, mara nyingi hukuti kitu: si anwani ya tovuti inayolalamikiwa, si picha, si tarehe. Mtu ameibiwa kweli, ana uchungu wa kweli, na anamwandikia karani ambaye hata akitaka kumsaidia hajui aanzie wapi.

Karani huyo nilikuwa mimi. Kampuni iliyoniajiri iliuza majina ya vikoa na nafasi ya kuhosti tovuti, ofisi yake ikiwa Kijitonyama, Dar es Salaam. Wenzangu walikimbizana na mauzo na wateja ambao imeili zao zimegoma; mimi nikapewa anwani ya kupokea taarifa za matumizi mabaya ya majina tuliyoyasajili. Hakuna aliyeigombea kazi hiyo. Miaka ikapita, nikaacha ajira, nikawa nashauri vyama vidogo na wafanyabiashara mambo ya mtandao, na hapo nikajikuta nimehamia upande wa pili: sasa mimi ndiye ninayeandika, na anayesoma ni karani mwingine huko mbali, nisiyemjua wala yeye hanijui. Kukaa pande zote mbili kumenifundisha jambo ambalo ningependa kila anayetapeliwa mtandaoni alijue. Taarifa nzuri haiombi kuaminiwa. Inampa mgeni vitu vya kutosha kuamua mwenyewe, ndani ya dakika chache, hata kama hakuamini hata kidogo.

Kwanza tujue huyo mgeni ana uwezo gani. Msajili ni kampuni inayokukodishia jina la tovuti kwa mwaka mmoja au zaidi. Nyuma yake yupo mtunza rejista, anayeshika orodha kuu ya majina yote yenye mwisho mmoja: Verisign ya Marekani kwa .com na .net, KeNIC kwa .ke ya Kenya. Kwa majina ya kimataifa kama .com, msajili na mtunza rejista wote wamefungwa na mikataba ya ICANN, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa California mwaka 1998. Watu wengi huiandikia ICANN wakidhani ndiyo polisi wa intaneti. ICANN haifungi tovuti ya mtu. Kazi yake hapa ni kumbana msajili anayepuuza mkataba. Majina ya nchi, kama .tz na .ke, hayamo kwenye mikataba hiyo. Yanaendeshwa kwa sera za nchi zenyewe, na kwa Tanzania msimamizi wa sekta hiyo ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Msajili mwenyewe silaha yake ni swichi moja. Anaweza kuliweka jina katika hali ambayo kwenye rekodi utaiona imeandikwa clientHold. Jina likishawekwa hivyo linatoka kwenye mfumo wa DNS, na anayeliandika kwenye simu yake hapati kitu. Lakini swichi hiyo haichagui. Inazima ukurasa wa tapeli, inazima imeili, inazima kila kinachotembea kwa jina hilo. Tena haifuti chochote: mafaili yanabaki palepale kwenye seva ya anayehosti, ambaye mara nyingi ni kampuni nyingine kabisa, katika nchi nyingine. Msajili anashusha kibao. Duka na bidhaa zake analo mwingine. Anayelielewa hilo tangu mwanzo anaokoa muda mwingi, kwa sababu hatamwomba mtu wa kibao aje kuhesabu bidhaa.

Kulikuwa na mwandishi mmoja ambaye barua zake sikuziacha zilale. Sijui alikuwa mwanamume au mwanamke. Alisaini kwa herufi mbili tu na kutaja kitengo cha usalama cha benki moja ya Ulaya. Alivyoandika ni hivi, kwa maneno yangu: "Jina hili, lililosajiliwa kwenu, linaonyesha ukurasa bandia wa benki yetu kwenye anwani kamili iliyo hapa chini. Ukurasa unaomba namba ya kadi na nywila. Tumeufungua leo saa 07:40 UTC. Picha imeambatishwa, na anwani inaonekana juu ya picha. Tovuti yetu halali ni hii hapa. Tunaomba mchunguze na kulisimamisha jina." Basi. Hakuna tusi, hakuna mwanasheria.

Niliposoma barua ile sikuwa na swali lililobaki. Jina gani? Limo. Ukurasa upi? Umo, na si ule wa mbele bali wenyewe hasa, maana kurasa za kitapeli hufichwa ndani na ukurasa wa mbele huachwa mweupe. Ubaya wake ni upi? Unaiba nywila. Lini? Limejibiwa, tena kwa saa inayoeleweka dunia nzima. Anaigwa nani? Tovuti halali ipo pembeni, nilinganishe mwenyewe. Hata namna alivyoandika anwani ilikuwa ya mtu anayejua: alibadili "http" kuwa "hxxp" na kuzifunga nukta ndani ya mabano, ili nisiibonyeze kwa bahati mbaya, na ili kichujio cha barua taka kisiimeze barua yake. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Ukimtumia msajili kiungo cha wizi kikiwa kizima, mashine yake inaweza kukuona wewe ndiye tapeli, na barua yako isifike kwa mtu.

Sanduku lilinifundisha pia kwamba si kila jina linalobeba wizi ni la mwizi. Asubuhi moja iliingia barua ya kampuni ya nje ikitutaka tulisimamishe mara moja jina la shule moja ya msingi ya binafsi, mteja wetu. Nikafungua anwani waliyotuma. Ndani ya folda ya picha za mahafali, kati ya watoto waliovaa majoho, kulikuwa na folda nyingine yenye jina la herufi zisizo na maana, na ndani yake ukurasa wa kuingia kwenye benki ya huko kwao, umetengenezwa vizuri hadi rangi. Nikampigia mwalimu mkuu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tovuti yenu imeingiliwa, kuna ukurasa wa benki humo ndani."

"Marahaba. Benki? Sisi hatuna benki hapa, mwanangu. Ada tunalipisha kwa kontroo namba."

Alikuwa sahihi kabisa kwa upande wake. Aliyewatengenezea tovuti alishaondoka zamani, programu-jalizi za WordPress hazijasasishwa tangu aondoke, na mtu akapenya kwenye tundu hilo akaweka mzigo wake. Kama ningebonyeza swichi kama barua ilivyotaka, wazazi waliokuwa wakituma fomu za kujiunga kwa imeili ya shule wangegonga mwamba, na mwenye ukurasa wa wizi angehamia tovuti nyingine jioni hiyohiyo bila hasara. Kwa kuwa sisi tulikuwa wasajili na wahosti pia, tuliiondoa folda, tukabadili nywila, tukasasisha programu, shule ikaendelea.

Tangu hapo, swali la kwanza ninalojiuliza kabla ya kuandika kwa yeyote ni hili: jina hili lilizaliwa kwa ajili ya wizi, au limetekwa? Dalili hazifichiki sana. Jina lililosajiliwa wiki hii, linalofanana na la taasisi inayojulikana kwa kuongezewa kistari au neno "mikopo", lisilo na historia yoyote, hilo lilizaliwa kwa wizi, na mlango wake ni msajili. Jina la miaka kadhaa, lenye tovuti ya kweli ya shule, hoteli au kanisa, na ukurasa mchafu umejificha ndani ya folda, hilo limetekwa. Mlango wake ni anayehosti, na mwenye tovuti aambiwe. Barua inayosema wazi "tunaamini mwenye jina hili naye ameathirika" humfanya anayesoma apumue, kwa sababu inamwonyesha kuwa mwandishi amefikiri.

Halafu kulikuwa na barua za kundi la tatu, nazo ndizo zilizonifanya nielewe kwa nini wasajili huwa wazito. Mfanyabiashara anataka tovuti ya mshindani wake ifungwe kwa sababu bei zake ni za chini. Mtu mwenye cheo anataka blogu iliyomwandika vibaya ipotee, na msaidizi wake anaiita ya "kitapeli" ili ipite kwa urahisi. Ndugu wawili wamegombana, kila mmoja anasema jina la kampuni ya marehemu baba ni lake. Zote zilikuja kwenye sanduku lilelile, kwa ukali uleule, na zote ziliitwa matumizi mabaya. Msajili si hakimu. Hawezi kujua nani kamkashifu nani, wala urithi ni wa nani. Mgogoro wa nembo ya biashara una njia yake: tangu 1999 kuna utaratibu wa ICANN wa kusuluhisha migogoro ya majina, unaoendeshwa na taasisi kama WIPO ya Geneva, na ada ya kuanzia huko ni dola 1,500 za Marekani. Kashfa ina mahakama. Anayechanganya mambo hayo na wizi wa nywila anamchelewesha aliyeibiwa nywila, kwa sababu karani aliyekwisha kudanganywa mara kadhaa humtazama kila anayefuata kwa jicho la pembeni.

Haya yote niliyajaribu vizuri zaidi nilipofuatwa na katibu wa Saccos moja ya walimu, mwalimu mstaafu ambaye bado husimama wima anapozungumza, utadhani mkaguzi yuko nyuma ya darasa. Wanachama wake walikuwa wanapokea ujumbe wa simu wenye kiungo: chama kimefungua mikopo ya haraka, jaza fomu. Jina la tovuti lilikuwa lile la chama, limeongezewa kistari na neno moja. Kijana wa ofisini kwao alishamwandikia msajili, kampuni ya Amerika Kaskazini, na jibu likaja: tumefungua tovuti hiyo, hatuoni tatizo.

"Hawaoni tatizo," Mwalimu aliniambia, akiweka simu yake mezani. "Watu wanalia huku, wao hawaoni tatizo."

Nikafungua jina lile kwenye kompyuta yangu. Ukurasa mweupe, sentensi moja ya Kiingereza: tovuti inajengwa. Nikachukua simu ya Mwalimu, nikafungua jina hilohilo. Nembo ya chama, imeibwa kwenye ukurasa wao wa Facebook. Salamu kwa Kiswahili safi. Kisha fomu: namba ya uanachama, namba ya simu, na chini kabisa, "ili kuthibitisha kama unastahili mkopo", namba ya siri ya akaunti ya pesa ya simu.

Mwalimu akaniangalia kama niliyefanya kiinimacho. Tukaendelea kupima. Simu yangu kwenye intaneti ya ofisi: fomu. Simu yangu kwenye bando: fomu. Kompyuta kwa bando la simu: ukurasa mweupe. Nikampigia rafiki yangu Nairobi afungue kwa simu yake: ukurasa mweupe. Picha ikakamilika. Waliotengeneza mtego ule waliuamuru uonekane kwenye simu tu, tena simu zilizo Tanzania. Karani wa huko ng'ambo, akiwa na kompyuta yake na intaneti ya kwao, asingeweza kuuona hata angekodoa macho mchana kutwa. Hakuwa mvivu wala mkaidi. Mlango ulifungwa usoni pake.

"Lakini mbona ina kufuli?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa amewafundisha wanachama waangalie alama ya kufuli kwenye kivinjari kabla ya kujaza chochote.

Nikamweleza kwamba kufuli inasema tu kuwa mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hayasikilizwi na wa katikati. Haisemi uliye naye ni mwaminifu. Tangu mwishoni mwa 2015 Let's Encrypt inatoa vyeti hivyo bure kwa yeyote, jambo jema lililolinda mamilioni ya tovuti ndogo, na matapeli nao wakajihudumia. Google yenyewe iliiondoa alama ile kwenye Chrome mwaka 2023, kwa kuwa watu waliisoma vibaya. Mwalimu akatoa daftari, akaandika. Alisema atarekebisha somo.

Tukaitafuta rekodi ya jina. Zamani ungeambiwa uangalie WHOIS. Tangu Januari 2025 nafasi yake kwa majina ya kimataifa imechukuliwa rasmi na RDAP, nayo unaisoma bure kwenye ukurasa wa utafutaji wa ICANN. Rekodi ilituonyesha msajili, anwani yake ya malalamiko, na tarehe ya kuzaliwa kwa jina: wiki ileile ambayo ujumbe ulianza kusambaa. Mahali pa mwenye jina pameandikwa kwamba taarifa zimefichwa. Mwalimu akakasirika upya.

"Yaani mwizi analindwa?"

Wengi huuliza hivyo. Tangu sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2018, wasajili wengi huficha majina na simu za wateja wote, wema na wabaya. Lakini kwa kazi tuliyokuwa nayo, jina la mtu halikuhitajika. Tapeli hajiandikishi kwa jina lake. Tulichohitaji ni tarehe na mahali pa kupeleka barua, na vyote tulikuwa navyo. Kumjua mtu mwenyewe ni kazi ya polisi, kwa njia zao.

Kisha tukakaa kuandika. Mwalimu alikuwa ameweka kumbukumbu nzuri kwenye daftari lake, ila kwa saa zetu: ujumbe uliingia saa mbili kasorobo usiku. Msomaji wa huko angeielewa kuwa saa saba na dakika arobaini na tano kwa hesabu yetu, yaani wakati mwingine kabisa, na kumbukumbu za seva zisingelingana. Tukaandika 16:45 UTC. Tukarekodi video fupi kwa simu: mkono unafungua ujumbe, unabonyeza kiungo, anwani inaonekana juu, fomu inafunguka, alama ya mtandao wa simu inaonekana pembeni. Tukatafsiri kila mstari wa fomu ile kwa Kiingereza chepesi, maana picha ya ukurasa wa Kiswahili, kwa asiyejua Kiswahili, ni picha ya fomu tu.

Tulibishana kidogo juu ya sentensi ya kwanza. Mwalimu alitaka ianze na mama mmoja, mwalimu wa darasa la pili, aliyelipishwa "ada ya kufungua mkopo" halafu asione mkopo. Kilikuwa kisa cha kuumiza, na kilikuwa kweli. Mimi nikataka tuanze na namba ya siri, na sababu iko kwenye mkataba. Tangu Aprili 5, 2024, wasajili wa majina ya kimataifa wanabanwa na kifungu kipya: wakipata ushahidi unaoweza kufanyiwa kazi kwamba jina linatumika kwa ubaya wa aina fulani, lazima wachukue hatua ya kuuzima au kuukatiza. Aina hizo ni tano: programu hasidi, mitandao ya kompyuta zilizotekwa, kurasa bandia za kuiba nywila na namba za siri, kuelekeza watu kwenye tovuti bandia bila wao kujua, na barua taka zinapokuwa ndizo zinazobeba hayo manne. Kabla ya hapo, mkataba wa 2013 uliwataka wachunguze na kujibu ipasavyo, na "ipasavyo" ilikuwa na mlango mpana wa kutokea. Sasa angalia: mkopo hewa wenye ada ya kulipia ni utapeli, lakini msajili anaweza kusema hilo ni suala la maudhui, nendeni polisi. Fomu inayoomba namba ya siri kwa jina la chama kisichohusika ni kitu cha tatu kwenye orodha, wazi kabisa. Kisa cha yule mama tukakiweka aya ya mwisho, kwa heshima yake. Mbele tukaweka kinachomlazimisha msomaji.

Na tukaongeza sentensi iliyokosekana kwenye barua ya kwanza: "Ukurasa huu hauonekani kwa kompyuta wala nje ya Tanzania, tafadhali tazameni video, au mjaribu kwa anwani ya intaneti ya Tanzania mkijitambulisha kama simu." Likaja jibu la mashine lenye namba ya kumbukumbu. Kesho yake, rekodi ya jina ilikuwa na neno clientHold, na kwenye simu ya Mwalimu ukurasa ukagoma kufunguka. Ni msajili yuleyule aliyesema haoni tatizo.

Wapo wasioona hata wakionyeshwa, na gharama yake hulipwa na wasiohusika. Freenom ya Uholanzi iligawa bure majina ya Tokelau, .tk, pamoja na ya nchi nne za Afrika: .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Matapeli wakajaa humo. Meta, kampuni mama ya Facebook, iliishtaki Freenom huko Marekani ikidai malalamiko yanapuuzwa. Mwanzoni mwa 2023 usajili mpya ukasimama, katikati ya mwaka huo Gabon na Mali zikachukua tena usimamizi wa majina yao, na Februari 2024 kampuni ikatangaza kuachana na biashara ya vikoa. Nikiwa kazini niliona vichujio vya barua pepe vilivyopangwa kutupa kila kinachotoka kwenye majina hayo, bila kuuliza. Mfanyabiashara mwaminifu wa Bamako aliyetaka kujivunia jina la nchi yake alikuta limeshachafuliwa. Msajili wa majina ya kimataifa akikaa kimya licha ya ushahidi kamili, hapo ndipo fomu ya malalamiko ya ICANN inapokuwa na maana, na viambatisho vyake ni barua mlizoandikiana. Ndiyo maana hata barua isiyojibiwa isitupwe.

Mwalimu alidhani vita vimekwisha. Wiki iliyofuata wezi walirudi na jina jingine, kistari kimehamishwa. Jina la mtandaoni lina bei ndogo, na anayeiba hashindwi kununua lingine. Kilichotuokoa ni kwamba faili lilikuwa tayari; tulibadilisha anwani, tukarekodi video mpya, tukatuma. Safari hii hatukugonga mlango mmoja. Anayehosti aliandikiwa. Google Safe Browsing iliarifiwa, ambayo orodha yake hutumiwa na Chrome, Firefox na Safari kumwonya mtu kabla hajaingia. Ujumbe wenyewe ulipelekwa 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli wa simu, na kampuni ya simu ikapewa namba zilizopokea pesa. Polisi wakapewa nakala ya kila kitu, yule mama akapata RB yake, hati ya kuonyesha ameripoti. Tulihakikisha ushahidi umehifadhiwa kwanza, kwa sababu swichi ikishabonyezwa ukurasa unatoweka, na atakayeuhitaji mahakamani hataupata tena.

Kumpata yule mama aongee kulichukua muda kuliko barua zote. Walimu hawapendi kuonekana wametapeliwa. Wanafunzi wao watasemaje? Wengine walifuta ujumbe kwa aibu, na ushahidi ukaenda nao. Mwalimu aliwaita kwenye mkutano wa chama, akawaambia mficha uchi hazai, kisha akaonyesha ukutani ile video yetu, hatua kwa hatua, bila kumtaja mtu. Baada ya hapo simu zilianza kumfikia kabla watu hawajajaza fomu. Sasa taarifa anaziandika mwenyewe. Mimi hunitumia nakala tu, na Kiingereza chake ni bora kuliko changu.

Mitego ile ni yetu peke yetu. Mashine zinazozunguka mtandaoni kutafuta kurasa bandia za benki kubwa za dunia hazina habari na Saccos ya walimu. Hazisomi Kiswahili vizuri, na zikifika zinaonyeshwa ukurasa mweupe. Aliyeutengeneza ukurasa ule aliuficha kwa ulimwengu mzima, akaufungua kwa mwalimu wa darasa la pili mwenye simu ya bando. Kwa hiyo hakuna mwingine atakayeuripoti. Usipoandika wewe unayeuona, tena ukaandika kwa namna ambayo asiyeuona ataweza kuuona, kwa msajili jina lile litabaki mteja mzuri aliyelipa kwa wakati.